Lenzi ya mtoto wa jicho: ulizia ukingo kabla ya bei

Kila nikigusia habari za macho hapa, lalamiko ni lile lile: "Mama alipasuliwa mtoto wa jicho, akaona vizuri, sasa ukungu umerudi." Mtoto wa jicho harudi. Ni lenzi ya asili ya jicho iliyoingia ukungu; ikishatolewa, imetolewa. Kinachopata ukungu ni kifuko chembamba kinachoachwa ndani ili lenzi bandia ipate pa kukaa. Seli zilizosalia hutambaa nyuma ya lenzi na kuziba njia ya mwanga. Dawa yake ni leza ya YAG, dakika chache, bila kisu. Lakini mashine hiyo haipo kila mji, na mzee anayekaa mbali na hospitali kubwa atapanda basi alfajiri kwa ajili ya dakika hizo.

Kwa hiyo mimi naanza na ukingo. Lenzi yenye ukingo wa mraba, yaani wenye kona kali, huzizuia zile seli zisipenye. Yenye ukingo wa mviringo huziachia njia. Baada ya hapo ulizia malighafi: akriliki (aina ya plastiki) ya haidrofobiki, isiyonyonya maji, hupata ukungu huo kidogo kuliko ya haidrofiliki, inayonyonya maji. Wauzaji watakuambia kila kitu isipokuwa haya mawili.

Namba moja kwangu ni AcrySof IQ ya Alcon, na sifichi upendeleo. Ni haidrofobiki, ukingo wake mraba, hukunjwa ikapita kwenye tundu lisilofika milimita 3, na ukoo wa AcrySof umetumika tangu miaka ya 1990. Dosari yake ni vimetameta vinavyoweza kujitokeza ndani ya lenzi miaka ikienda, ingawa wagonjwa wengi hawavihisi. Ukipata Clareon ya kampuni hiyo hiyo, ambako vimetameta hivyo vimepunguzwa sana, chukua. Lenzi hizi ni za umbali mmoja: basi utaliona likija, ujumbe wa M-Pesa utausoma kwa miwani.

Namba mbili ni toriki, lenzi inayosawazisha astigmatizimu, yaani konea (kioo cha mbele ya jicho) isiyopinda sawasawa pande zote; ni kwa mwenye tatizo hilo tu. Sharti ikae sawasawa kwenye mhimili wake. Ikizunguka nyuzi 30, faida yote imekwenda na pesa zako.

Multifokali naiweka mwisho, hata hiyo PanOptix inayosifiwa. Inagawa mwanga ili uone mbali na karibu, na malipo yake ni pete kuzunguka taa za magari usiku. Dereva wa lori aachane nayo. Mwenye glakoma (presha ya macho), au ambaye kisukari kimeshagusa retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, vilevile. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo wanayoipigia debe kwa jina la "VIP", tena kwa watu ambao hata retina haijapimwa.

Za bei nafuu: lenzi za PMMA, plastiki ngumu, hazikunjiki, hutaka tundu la milimita 6 hivi, na zimewarudishia watu wengi mno macho yao. Aurolab ya India huzitengeneza. Mfuko ukibana, pokea, ila ulizia ukingo.

Sasa hasira zangu. Boksi la lenzi huja na stika ndogo zenye jina la modeli, nguvu yake na namba ya serial: SN60WF, +21.5 D (diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa mfano. Moja hubandikwa kwenye faili, nyingine ni ya mgonjwa. Shangazi yangu aliuziwa "lenzi ya Mjerumani" kwenye kliniki moja, risiti imeandikwa "operesheni na lenzi", basi. Nilipoomba stika, mhudumu akacheka: "Kwani dada, utaenda kuibadilisha?" Zamu ya jicho la pili ilipofika, daktari mwingine aliuliza kwanza ni lenzi gani iliyowekwa jicho la kwanza na ya nguvu gani. Shangazi akafungua mkoba, akamkabidhi ile risiti.