Nimebadilisha batani na joistiki za mashine ya gemu ya zamani, haya ndiyo niliyoyaona

Wakuu, niseme mapema ili asiye na muda aondoke na chake: kama una mashine ya gemu ya zamani, ile ya kabati la mbao ya kutumbukiza sarafu, usikimbilie joistiki ya Kijapani eti kwa sababu kila mtu anaisifia. Nzuri ni nzuri, tena sana, ila kwenye mbao nene itakutoa jasho. Mimi nimefunga ya Kijapani, ya kampuni ya Sanwa, upande wa mchezaji wa kwanza na ya Kimarekani upande wa pili, nimezichezea zote, wageni nao wamezichezea mpaka basi, kwa hiyo naongea kitu nilichokishika kwa mkono.

Mashine yenyewe ni ya Kiingereza. Nipo Uingereza miaka sasa, na wenzetu hawa walikuwa na kumbi za gemu kila mji wa ufukweni, Blackpool, Southend, Margate, Great Yarmouth, bado zipo baadhi, sasa mashine zikichoka zinauzwa kwa watu binafsi wanaziweka gereji. Yangu ina bodi (ile saketi inayoendesha gemu) ya Capcom CPS-1 na gemu ni Street Fighter II, lile la kupigana la 1991. Bongo nililicheza kwa pedi tu, kibandani, unalipia raundi na mwenye kibanda anakusimamia kichwani, kusimama mbele ya kabati lenyewe na joistiki yake ni mambo mengine kabisa.

Nilipoichukua ilikuwa na hali mbaya upande wa paneli. Kioo kizima, sauti nzima, ila joistiki ya kushoto ukiisukuma mbele Ryu, mpiganaji wangu kwenye gemu, anaruka, na batani tatu zinanata, ukibonyeza inabaki chini kama sekunde hivi ndo inarudi. Nilipofungua nikakuta soda ya miaka hiyo imekauka humo ndani imekuwa gundi, nywele, majivu ya sigara, maana zamani huku walikuwa wanavuta ndani ya kumbi na kuegesha sigara pale pale kwenye paneli, alama za moto ziko mpaka leo na sijazitoa, nazipenda. Kuna mtu atasema si ungesafisha tu. Batani nilisafisha, mwili ukawa safi, lakini swichi ya chini ikishachoka imechoka, ule mlio wa tik unakuwa umekufa na unabonyeza mara mbili inasoma mara moja.

Sasa kabla ya kuagiza chochote chukua rula upime matundu. Hili wengi wanaliruka. Batani za Kijapani za kuchezea zinataka tundu la milimita 30, na zile ndogo za kuanzia gemu milimita 24. Za Kimarekani, na mashine nyingi za Ulaya zimefuata hizo, tundu ni kama milimita 28 na kitu. Tofauti ni ndogo ukiitazama kwa macho lakini batani ya 30 haiingii tundu la 28 hata uipige nyundo. Yangu ilikuwa ya 28, kwa hiyo upande wa pili nikanunua batani za Kimarekani, zikaingia bila kugusa mbao, una nati kubwa ya plastiki unaikaza kwa chini kwa mkono, unachomeka swichi yake, umemaliza. Upande wa kwanza nilitaka Sanwa, ikabidi nipanue.

Kupanua tundu ambalo tayari lipo kuna kero yake. Ile drili ya mduara inahitaji katikati pawe na mbao ili ncha ishike, na katikati hapo hakuna kitu, ni uwazi, ukiwasha inaruka ruka na kuchana stika ya paneli. Dawa yake: tafuta kipande cha plaiwudi, kitoboe kwanza tundu safi la 30, halafu kibane juu ya paneli kwa klempu kikae sawasawa na tundu la zamani, hapo drili inaongozwa na kile kipande na haina pa kukimbilia. Taratibu tu, usiisukume. Na kama paneli yako ina stika ya asili ambayo haijachanika mimi ningekushauri usipanue kabisa, baki na 28, stika ya zamani ikiharibika kupata ya asili ni kazi kweli kweli.

Batani za Sanwa nilizochukua ni OBSF-30, za kubana siyo za nati. Zimetengenezewa paneli nyembamba ya chuma, vile vibawa vyake pembeni vinashika chini ya bati. Kwenye mbao ya milimita 18 kama yangu havifiki chini, batani inakaa kwa kubanwa na kuta za tundu tu, kwa hiyo tundu likizidi hata kidogo batani inazunguka ukiipiga. Zangu zimekaa vizuri maana tundu lilitoka la kubana. Kuna aina ya nati pia, OBSN, kwa mwenye mbao iulizie hiyo kwanza.

Mguso wake sasa, aisee. Sanwa ni laini, unaigusa tu imesoma, ukiwa unapiga ngumi za haraka haraka au lile teke la Chun-Li la kubonyeza bonyeza, kidole hakichoki. Ubaya wake ni huo huo, ukipumzisha kidole juu yake tayari umepiga, mpwa wangu siku za mwanzo alikuwa analalamika, "Anko hii mashine inapiga yenyewe", kumbe yeye analaza mkono mzima pale. Ya Kimarekani ni ngumu kidogo, ina mlio mkubwa tik tak mpaka chumba cha pili wanajua unacheza, lakini imara, mtu mzima anaipiga kofi na haina habari.

Joistiki ndo kisa chenyewe. Sanwa niliyonunua ni JLF, ile inayokuja na kirungu cha mviringo cha milimita 35 unachagua rangi, mimi nyekundu. Hapa Uingereza inacheza kama pauni 25, ya Kimarekani ni nusu yake au pungufu. Ndani JLF ina kibao kimoja chenye swichi zote nne na waya zinatoka kwenye soketi moja ya pini 5, unachomeka mara moja basi. Na chini kuna bati la plastiki lenye tundu la mraba linalozuia mpini usipite mipaka. Ule mraba ndo unafanya uisikie kona, ukienda mshazari mpini unaingia kwenye pembe unajua kabisa nipo mshazari, hadouken, ule mpira wa moto wa Ryu, inatoka bila kufikiria, chini, mshazari, mbele, ngumi. Wanaocheza Zangief wa kuzungusha duara zima wengine hawapendi mraba, wanabadilisha wanaweka la pembe nane, linauzwa peke yake na ni bei ndogo. Na bati la mraba ukiligeuza linakuwa la njia nne, yaani juu, chini, kushoto na kulia tu bila mshazari, hiyo ni kwa wenye Pac-Man na gemu za aina hiyo za 1980 huko, Pac-Man ukimchezea kwa njia nane unakwama kwenye kona, unataka kupinda juu mpini umeenda mshazari na zimwi limeshakufikia.

Shida ni mbao. JLF mpini wake ni mfupi kwa sababu nayo imetengenezewa bati. Ukiifunga chini ya mbao ya 18 kirungu kinabaki karibu na paneli, unacheza kwa ncha za vidole. Kuna mpini mrefu zaidi unaouzwa pembeni, ila mimi nilichimba mbao kwa chini, nikachora umbo la bati la joistiki kwa penseli, nikatoa kwa ruta na pembe nikamalizia kwa patasi, hadi joistiki ikapanda juu vya kutosha. Acha mbao ya kutosha jamani, ukichimba sana pale katikati panakuwa karatasi na ndipo mtu anapovutia kwa nguvu zote. Kazi hiyo peke yake ilikula muda kuliko mambo mengine yote ukijumlisha.

Ya Kimarekani nilitoboa nini? Sikutoboa kitu. Ni ile ya umbo la Happ Competition, modeli ya kampuni ya Kimarekani ya Happ, mpini mrefu wenye kichwa kinene kama rungu, swichi nne kubwa kila moja peke yake, boliti nne, imeingia kwenye matundu ya joistiki ya zamani. Mzunguko wake ni wa duara, hakuna kona, kwa hiyo mshazari unautafuta kwa hisia, shoryuken, ile ngumi ya kuruka juu, kwangu mara inatoka mara inagoma. Lakini wageni wangu ambao si wachezaji wote wanakimbilia upande huo, wanashika kwa ngumi nzima kama gia ya lori, na inavumilia.

Paneli sasa kushoto ina batani za Kijapani na kulia za Kimarekani, rangi hazifanani sawasawa, mke wangu amesema mengi. Mimi sijali.

Waya. Hapa ndo watu wanaogopa bure, umeme wa kwenye batani ni mdogo, haukupigi. Kinachoua ni nyuma kwenye kioo, zile TV za chupa zinahifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo chomoa plagi ukutani, fanya kazi yako kwenye paneli na mikono isiende huko nyuma. Kila batani ina waya mbili, mmoja wa ardhi na mmoja wa kwenda kwenye bodi, ukibonyeza swichi inaunganisha hizo mbili bodi inajua. Ule wa ardhi unapita batani moja hadi nyingine mnyororo mmoja, ukikatika mahali zote za mbele yake zinakufa pamoja, kwa hiyo ukiona batani nne zimegoma kwa mpigo usinunue batani nne, fuata huo waya kwanza.

Swichi za Kimarekani zina miguu mitatu. Unatumia ule wa pamoja na ule ulioandikwa NO, unaounganisha ukibonyeza. Mpwa wangu nilimwachia batani moja afunge, akachomeka kwenye NC, ule unaokata ukibonyeza, tukawasha, Ryu anapiga ngumi ukiachia batani badala ya ukibonyeza, tulicheka sana. Na kwenye joistiki ya swichi nne angalia hili: mpini unazungukia katikati, kwa hiyo ukisukuma juu swichi inayobonyezwa ni ya CHINI, ukisukuma kushoto ni ya kulia. Usifunge kwa kufuata macho, sukuma mpini usikie ipi imelia tik ndo uichomeke waya wa upande huo.

Kingine, miguu ya swichi za Sanwa ni myembamba, milimita 2.8, za Kimarekani ni 4.8. Vichwa vya waya vya zamani kwenye mashine yangu vilikuwa vya 4.8, ukivivalisha Sanwa vinapwaya na kuchomoka wenyewe katikati ya raundi. Usivibonde kwa plaisi ukajidanganya vimekaza, kata, weka vichwa vya 2.8, ni vya senti tu, nunua na plaisi yake ya kubania, ile ya kawaida inaviponda.

Na kwa mwenye Street Fighter, kumbuka soketi ya JAMMA, ile ya kawaida inayounganisha bodi na kabati, yenye pini 56 kiutaratibu inatoa batani tatu kwa kila mchezaji. Gemu lina sita. Mateke matatu yanapita kwenye soketi nyingine pembeni ya bodi na waya zake peke yake, kwa hiyo ngumi zikifanya kazi na mateke yote yamekufa pande zote mbili, angalia hiyo soketi, batani zako hazina kosa. Ukimaliza ingia kwenye menyu ya testi ya gemu, inakuonyesha kila batani na kila upande unavyosomeka, nenda moja moja.

Kabla ya hizi nilikuwa nimejaribu seti moja ya bei chee, inakuja kwenye boksi joistiki mbili na batani zote na waya, jina silitaji. Batani si mbaya kivile, nimezihamishia kwenye za kuanzia gemu. Joistiki zake ndo hovyo, springi legevu, mpini ukiuachia unayumba na kugusa upande wa pili, unataka kusimama mtu wako anarudi nyuma hatua. Kama bajeti imebana nunua batani za bei chee na joistiki ya maana, usigeuze.

Kwa hiyo kwangu: JLF kwa anayecheza kweli na yuko tayari kuchimba mbao au ana paneli ya bati. Ya Kimarekani kwa kabati la mbao, watoto, wageni, na anayetaka kumaliza leo leo. Batani za Sanwa ningezinunua tena hata kesho. Upande wa pili nitauacha hivyo hivyo, ila springi ya JLF naona laini kidogo kwangu, nimeagiza nzito, ikifika nitaibadilisha, ni kuondoa kile kipini cha kubana kwa chini kwa bisibisi bapa, ila weka kidole juu yake maana kinaruka na gereji yangu ina giza.