Albamu ya Darasa River Road: Skana Safi, Fundi wa Kuchungwa

Darasa la Fomu Foo likianza kupanga kukutana tena, hoja ya albamu haikosi kuzuka, na wa kwanza kujibu kwenye kundi la WhatsApp atasema: pelekeni picha River Road, Nairobi. Ushauri huo ni mzuri nusu. Vijiduka vya upande huo wa jiji hufanya kazi tatu: kuskani, kurekebisha picha na kuchapa kitabu. Ya kwanza wanaiweza. Ya tatu wanaiweza ukisimama hapo hapo. Ya pili ndiyo inayoharibu albamu.

Ukinyamaza kaunta, picha itaskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa sababu inamalizika upesi. Kwa picha ya marafiki wawili mbele ya bweni haina neno. Lakini kwenye picha ya darasa zima ya inchi 4 kwa 6, sura moja ina upana wa milimita 5 hivi. Kwa dpi 300 hizo ni nukta 59 tu. Dai 600. Utapata nukta 2,400 kwa 3,600, zinazotosha kuikuza hadi A4. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usikubali ibanduliwe, itachunika. Iskaniwe na kioo chake. Ikiwa ni negativu, tazama beji ya sweta kabla ya kulipa. Kama shule yenu ilivaa beji kifua cha kushoto na sasa iko kifua cha kulia cha mvaaji, filamu ililazwa kinyume.

Walio ng'ambo watume picha zao kama dokyumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida, WhatsApp inazipunguza, na hakuna fundi atakayerudisha kilichokatwa.

Sasa marekebisho. Picha nyingi za rangi za enzi ya KCSE (mtihani wa Fomu Foo) ya kwanza, 1989, zimegeuka nyekundu, kwa kuwa mara nyingi rangi ya samawati hufifia kabla ya nyingine. Kusawazisha rangi na kufuta mikwaruzo ni kazi wanayoifanya vizuri. Balaa ni ile programu ya akili bandia ya kung'arisha sura. Ikikutana na sura ya nukta 59 haina cha kusafisha, kwa hiyo inabuni. Mwanya unazibwa, ngozi inalainishwa kama ya mdoli, na mwalimu wa hisabati anapata macho ya mtu mwingine kabisa. Mwambie fundi waziwazi: rangi na mikwaruzo tu, sura usiguse. Chukua kwanza faili asilia kwenye flashi yako, ndipo marekebisho yaanze. Bila hilo huna pa kurudi.

Kwenye kuchapa, kitabu cha kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ukipeleka 30, utaongezewa mbili tupu ili zifike 32, na afadhali uzijaze mwenyewe. Karatasi ya gramu 150 ndani na kava ya gramu 300 inatosha. Nyembamba zaidi ya hapo wino wa upande wa pili unaonekana. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuitandaza picha ya darasa kwenye kurasa mbili. Wanaoketi katikati ya safu ya mbele ni mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, na mkunjo unapita hapo hapo puani mwao. Vitabu vya kubanwa kwa gundi ni vibaya zaidi, maana katikati hakufunguki hadi mwisho. Picha ya darasa ilazwe kwa urefu wa ukurasa mmoja. Msomaji atageuza kitabu, haidhuru.

Majina ya walio pichani usimtajie fundi kwa mdomo. Andika safu kwa safu, kutoka kushoto, jina la rejista kwanza, kisha la sasa kwa walioolewa. Lakabu ziingie pia (wengine hawatambuliki bila hizo), ila za walimu zipitishwe kwanza na kamati.

Dai nakala moja ya majaribio, uikague chini ya mwanga wa nje, si wa taa za dukani, ndipo ulipe salio. Novemba na Desemba mashine hizo hushikwa na kalenda na diari, kwa hiyo mkutano wa Krismasi unataka kazi ifike Oktoba.