Batiki, wax au chapa? Namna ya kuchagua kitambaa kisichochuja

Nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na minne, na malalamiko mazito kuliko yote niliyowahi kuletewa hayakuhusu vipimo. Yalihusu rangi. Mwaka juzi nilishona magauni 22 ya sare ya harusi. Kitambaa nilikinunua mimi mwenyewe kwa bei ya jumla, batiki ya bluu na machungwa iliyong'aa kama imepakwa mafuta. Ukumbi ulikuwa na joto. Saa tatu usiku bluu ya kwapani ilikuwa imeshateremka kwenye machungwa, na mama mkubwa wa bibi harusi aliniita pembeni akanionyesha mkono wake: "Mwanangu, hii nguo imenihamia mpaka kwenye ngozi." Tangu siku hiyo sikati kitambaa kabla ya kukijaribu.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: rangi imeingia ndani ya uzi, au imekaa juu yake? Bei nimeiacha nyuma, maana nimeona vitambaa vya bei kubwa vikichuja na vya bei ya kawaida vikidumu miaka.

1. Batiki ya mshumaa iliyochovywa kwenye pamba tupu

Hii naiweka juu kabisa. Ukibahatika kufika uani kwa kina mama wanaoitengeneza, utaelewa kwa nini. Kitambaa cheupe kinatandikwa juu ya meza. Mshumaa unayeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kisha kibao kilichochongwa, au kipande cha sponji kilichokatwa ua, kinachovywa humo na kugongwa kwenye kitambaa. Palipopata mshumaa, rangi haipiti. Baada ya hapo rangi inakorogwa kwenye maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosi, ule unga mweupe wenye harufu ya kiberiti.

Kazi yenyewe iko hapo. Rangi za aina hii haziyeyuki kwenye maji peke yake. Haidrosi inaziondolea oksijeni, kostiki inasaidia ziyeyuke, nazo zinapenya kwenye uzi. Kitambaa kikitolewa kwenye beseni hakina rangi utakayokuja kuivaa. Nilisimama mara moja nikitazama kipande cha nili kikitoka kijani kinachoelekea njano. Kikatandazwa kivulini, na kabla sijamaliza kikombe cha chai kilikuwa bluu, kikianzia kwenye mapindo. Hewa ndiyo inayorudisha oksijeni, rangi ikagandia ndani ya uzi, na maji ya kufulia hayana tena njia ya kuitoa.

Nili ilitumika hivyo kwa maelfu ya miaka kabla ya viwanda vya kemikali. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kutengenezwa mwaka 1897, na mwaka 1901 mkemia wake, René Bohn, akapata bluu nyingine ya kiwandani inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kopo la rangi lililoko uani leo limetokana na kazi hiyo. Sisi wa Pwani nili tunaifahamu kupitia kaniki, lile shuka la bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, lililokuwa vazi la watumwa na wanawake maskini. Mwaka huohuo wa 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja, na baada ya hapo wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi. Huwa namkumbuka mwanamke wa wakati ule kila mteja anaponiambia rangi ya nguo ni jambo dogo.

Dukani, geuza kitambaa. Batiki iliyochovywa ina rangi ileile mbele na nyuma. Tafuta vistari vyembamba kama nyufa za udongo mkavu: ni mahali mshumaa ulipopasuka rangi ikapenya. Maua yasilingane sana, kwa kuwa mkono hauwezi kugonga kibao sawasawa mara mia. Halafu finyanga kona. Kikitoa vumbi jeupe na kulegea, mng'ao ule ulikuwa wanga na pasi. Wanga si kosa, lakini usikulipishe kwa uzito wake.

Jambo moja la kuzingatia kwa wanaonunua sare: vipande vilivyochovywa siku tofauti havifanani kamwe. Mwambie mtengenezaji unataka vingapi mwanzoni, avichovye kwenye beseni moja, na kila kimoja apewe muda wake wa kupata hewa. Batiki ya haraka ndiyo inayochuja. Rangi iliyobaki juu ya uzi haikusuuzwa ikaisha, na hicho ndicho kilichonipata mimi.

2. Kitenge cha wax halisi

Kitenge hiki ni mtoto wa batiki. Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za kisiwa cha Java, Indonesia, na kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, bado inavitengeneza. Kitambaa kinapakwa utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana nyuma na mbele havitofautiani. Kinadumu sana na yadi 6 zake zinalingana, kwa hiyo kwa kundi kubwa kinaweza kukufaa kuliko batiki. Nimekiweka cha pili kwa sababu vya kuigiza ni vingi mno, na maandishi ya pindoni yanaigizwa pia. Amini upande wa nyuma kuliko maandishi.

3. Batiki ya kufunga

Kitambaa kinakunjwa, kinafungwa kamba, kinachovywa. Rangi zake ni zilezile za namba moja, na ikifanywa kwenye bazini, ile pamba nzito yenye maua yaliyofumwa, inapendeza mno. Bamako, Mali, wanasifika kwa kazi hiyo. Shida yake iko kwenye mikunjo. Katikati ya fundo hewa huchelewa kufika, na rangi ya hapo ndiyo hutoka kwanza. Jaribu sehemu iliyokolea zaidi, usijaribu pembeni.

4. Kitenge cha chapa

Upande mmoja umewaka, wa pili umefifia. Kwa nguo ya kushindia, aproni au mkoba kinatosha, mradi ni pamba.

5. "Batiki" iliyochapwa kwenye poliesta

Usinunue kwa nguo ya mwilini. Nyufa za mshumaa zimechorwa na mashine, na zinajirudia zilezile kila baada ya hatua chache. Huenda isichuje, lakini jasho halina pa kwenda, na anayeiuza kwa jina la batiki anawanyima haki kina mama wanaounguzwa mikono na kostiki.

Kujaribu kabla ya kulipa

Beba kitambaa cheupe cha pamba na chupa ya maji. Lowesha, sugua mara kumi mahali palipokolea rangi. Alama hafifu kwenye batiki mpya inavumilika. Doa la wazi, rudisha. Kisha omba uzi mmoja wa pembeni uuchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu.

Muuzaji akikwambia "kiloweke kwenye chumvi kitashika rangi", usikubali. Chumvi husaidia aina fulani za rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kuchovya. Kitambaa kikishatoka kwenye beseni na kukauka, chumvi haifungi kitu, na siki pia haifungi.

Ukishanunua, kifue peke yake mara mbili kwa maji baridi kabla hakijafika kwa fundi, kwa sababu pamba husinyaa na gauni lililoshonwa kabla ya kufuliwa litakubana. Kianike kivulini, ukikigeuza ndani nje. Jiki isikiguse kabisa. Na ukimletea fundi, mwachie kipande kidogo akiloweshe usiku kucha pamoja na kitambaa cheupe. Mimi sasa nina kopo la vipande hivyo mezani, kila kimoja na jina la mteja wake.