Semina ya uinjilisti hapa Kigoma: darasa safi, foleni ya chakula ndo tatizo

Wapendwa, wengi mmeniuliza ile semina ya kumshuhudia kila mtu bila ubaguzi iliyofanyika hapa Mwanga, Kigoma mjini, kama inafaa kulipia, maana nasikia wanataka kuirudia Kasulu na watu wanaona 20,000 ni hela nyingi kwa kitu cha kanisani. Jibu fupi ni nenda. Jibu refu ndo hili, na kanisa lililoandaa silitaji, mwalimu pia simtaji, waliokuwepo wanajua.

Mambo madogo kwanza niyamalize. Kwa hiyo 20,000 unapata daftari, kalamu, kitabu cha semina, chai ya saa nne na chakula cha mchana. Ukumbi ni bati tupu hakuna dari, saa nane joto lake sio la kitoto, na spika moja ilikuwa inakoroma toka tunaanza mpaka tunafunga na fundi mitambo yupo pale anachezea simu. Ratiba inasema saa mbili, mnaanza saa nne kasoro. Hayo tumeshazoea.

Sasa mwalimu. Huyu mzee anajua kufundisha aisee, tena bila kupiga kelele. Tulijua tutapewa yale ya siku zote, mistari kibao ya haraka haraka, tuambiwe tusibague, tuseme amina, tukale. Yeye kachukua kisa kimoja tu, Petro na Kornelio yule akida wa Rumi, Matendo ya Mitume sura ya 10, akakikalia. Anasoma kidogo anasimama anauliza, hapa nani yuko nyumbani kwa nani, nani kapika, nani kala. Mwanzo watu walikuwa wanachekacheka maana maswali yenyewe kama ya sandei skuli, ila ukianza kujibu unaona kitu. Petro yuko Yafa amefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, na kazi ya ngozi ni kushika mizoga kutwa, Myahudi mwenye msimamo hata kulala mle ni shida, kwa hiyo Petro alishaanza kulegea kabla ya maono yoyote. Anapanda darini kusali, njaa inamuuma, huko chini wanaandaa chakula, ndo anaona ile nguo kubwa inashushwa ina wanyama wa kila namna, hata wale najisi kwa Myahudi, anaambiwa chinja ule, anakataa, mara tatu. Akiwa bado anajiuliza, wageni waliotumwa na Kornelio wanabisha hodi, watumishi wawili na askari, watu wa Mataifa yaani sio Wayahudi, na kabla hajaenda kokote Petro anawaingiza ndani wanalala humo humo.

Mwalimu akauliza, usiku ule waliwekewa sahani yao pembeni au walikula pamoja? Hakuna aliyejibu. Biblia haisemi, ila mgeni uliyemkaribisha alale huwezi kumlaza njaa.

Hapo ndo akatuonyesha kitu ambacho kwangu peke yake kilitosha ile 20,000. Mahubiri ya Petro kule Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, wote tunayakariri, Mungu hana upendeleo, tunaimba na kwaya. Lakini aliporudi Yerusalemu ndugu zake hawakumkamata kwa mahubiri. Walimkamata kwa kula. Sura ya 11 mstari wa 3, kasome mwenyewe, umeingia kwa watu wasiotahiriwa ukala nao. Na miaka inapita, huyo huyo Petro yuko Antiokia anakula vizuri tu na watu wa Mataifa, wakaja wenzake kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujivuta pembeni, hadi Barnaba akachukuliwa na unafiki huo, mpaka Paulo akamsema mbele ya watu wote, hiyo iko Wagalatia sura ya 2. Yaani mtu aliyeona maono mara tatu darini bado alihama meza kwa kuogopa wenzake watasemaje. Mzee akasema kwa hiyo msitegemee kwamba semina itawamaliza, akafunga Biblia tukaenda chai.

Mfano mwingine alioutoa ni wa Adrian Atiman, yule daktari wa Karema, huku huku mwambao wetu ukishuka kusini. Mtoto aliyezaliwa pande za Timbuktu, akaibiwa akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema 1889 na hakuondoka, akatibu watu na kufundisha dini pale hadi alipofariki 1956. Mtu mweusi kutoka mbali hivyo, lugha sio yake, kabila sio lake, na anayeumwa hakuulizwa anasali wapi. Mi nilipenda sana ila nyuma yangu kuna wapendwa wawili walianza kunong'ona mbona anatupa mfano wa Mkatoliki, hakuna wa kwetu? Nikageuka nikawaangalia tu. Somo ndo hilo hilo jamani na limewapita hivi hivi mnaliona.

Kitabu cha semina sasa, hapo nawatoa maksi. Kwanza nusu yake ni Kiingereza, umewaita wainjilisti wa Kalinzi na Mwandiga unawapa Kiingereza cha nini. Pili kuna ukurasa umeandikwa makundi lengwa, chini yake Waislamu, wakimbizi, wavuvi, waganga wa kienyeji, wanawake wanaojiuza. Kila kundi na mbinu zake. Mi nauza vitenge sokoni, wateja wangu wengi ni wa kutoka ng'ambo, Kalemie na Uvira huko, na nakwambia mtu akihisi tu kwamba umemweka kwenye kundi hanunui hata leso. Sembuse Injili. Halafu angalieni nani hayupo kwenye orodha. Kornelio alikuwa akida, bosi wa askari wa Rumi, jeshi lililokuwa limekalia nchi ya kina Petro, sio maskini wala sio mtu wa kuonewa huruma. Ukimtafuta Kornelio wa hapa Kigoma utamkuta kwa trafiki, kwa maafisa wa kodi, kwa mabosi wa uhamiaji, watu ambao sisi tukiwaona tunavuka barabara. Nani anaenda kuwashuhudia hao? Kitabu kimya. Nilinyoosha mkono nikauliza, mwalimu akacheka akasema andika hiyo, sijui kama wataiweka.

Chakula. Nitakaa hapa kidogo mnisamehe, ila baada ya lile darasa ndo ilikuwa mahali pa kuangalia.

Saa saba tukatoka nje. Meza ya mbele ina kitambaa cheupe, wachungaji na wageni waalikwa, migebuka, wale samaki wa ziwa letu, ya kukaanga kila mtu mzima wake, wali, soda baridi. Foleni ya pili ni sisi wa ada, wali maharage na kabichi, sio mbaya, maharage yameiva vizuri na yana nazi kidogo. Foleni ya tatu kule nyuma ya choo, kina mama waliopika, vijana wa bodaboda waliotubeba, na watoto, hao ugali na dagaa. Dagaa wenyewe watamu kuliko vyote maana waliungwa mawese, nilionja, lakini sio hoja. Masaa mawili nyuma tumefundishwa Antiokia! Na hao mama waliopika hawakukaa darasani hata kipindi kimoja, wako jikoni toka alfajiri na moshi, semina ya kumfikia kila mtu na wapishi wake hawajafikiwa. Mwalimu kwa kweli alichukua sahani yake akatoka meza ya mbele akaenda kukaa kwa wale vijana wa bodaboda, akala kwa mkono, wachungaji wakabaki wanaangaliana, mmoja akamfuata, wengine wakaendelea na mgebuka wao. Kesho yake kitambaa cheupe kilikuwepo tena.

Kuna kaka alikuwa amekaa karibu yangu, katoka Ulyankulu kule Tabora, kapanda treni kuja. Mnajua Ulyankulu, wale ndugu waliokimbia Burundi 1972, na 2014 serikali ikawapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa huko na makazi mengine ya Katumba na Mishamo. Huyu kazaliwa hapa hapa Tanzania. Tulipogawana vikundi kiongozi wa kikundi chetu akasema haya, na wewe ndugu yetu mkimbizi utasaidia upande wa lugha. Kasema kwa upendo kabisa, anatabasamu. Yule kaka akajibu polepole, mchungaji mimi ni Mtanzania, nimepiga kura, lakini sawa lugha nitasaidia. Na ni kweli alisaidia, maana sokoni tulikutana na mama anauza mawese hasikii Kiswahili vizuri, akamsalimia tu kwa Kirundi, amahoro, yaani amani, mama akaacha chupa zake akamvutia kigoda. Cha kuchekesha ni kwamba nusu ya kikundi walikuwa Waha, wenyeji wa Kigoma, na Muha na Mrundi wakiongea kila mtu na lugha yake wanaelewana vizuri tu. Wote walikuwa wanamuelewa yule mama. Walikuwa wamesubiri "mkimbizi" aje atafsiri.

Vitendo, yaani kutoka kwenda kuwashuhudia watu, ndo sehemu bora kuliko zote nasema hivyo bila kupepesa. Wametupeleka sehemu mbili. Kibirizi kwa wavuvi walikosea muda, wametupeleka saa tatu asubuhi kwenye siku za giza, zile ambazo usiku hauna mwezi, wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa, asubuhi wakishamwaga mzigo wanalala, ukimuamsha mtu aliyekesha kumwambia habari njema utapata habari nyingine. Wangesubiri mbalamwezi, siku hizo hawaingii majini, unawakuta wanashona nyavu na wana muda wa stori hata kutwa. Hilo angeulizwa mtu yeyote wa Kibirizi angewaambia, lakini kumuuliza mvuvi ratiba yake sio kitu kilichomjia mtu akilini.

Ujiji ilikuwa tofauti. Mwalimu alituonya kabla, Ujiji wameshaona kila aina ya mhubiri, Stanley alimkuta Livingstone pale 1871, Mapadre Weupe wakafika 1879, na mji umebaki na Uislamu wake na adabu zake, kwa hiyo ukienda kule na kipaza sauti unajisumbua. Akakataza tusiguse dini ya mtu kwa dharau hata kidogo. Akatukumbusha na Katiba, Ibara ya 19, kwamba kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu mwenyewe, hiari ya yule unayemwambia pia, akikwambia asante inatosha unanyanyuka.

Basi tukafika kwa mzee mmoja yuko barazani na wenzake, hodi, karibu, shikamoo baba, marahaba wanangu kaeni. Ikatoka kahawa na kashata. Vile vikombe vidogo mnavijua, birika juu ya mkaa, harufu ya tangawizi mpaka barabarani. Mpendwa mmoja akasema asante mimi sinywi. Wa pili naye akasema asante. Wa tatu akasema amefunga, na chai ya saa nne tulikunywa naye akala na mandazi. Mzee akatazama kikombe akasema, "Kunywa tu mwanangu, ni kahawa hii." Mwalimu akakipokea kile kilichokataliwa, akanywa, akaomba cha pili, akauliza habari za treni ya zamani, mzee alifanya kazi reli, wakaongea reli karibu saa nzima. Yesu akatajwa mwishoni, na aliyemtaja ni yule mzee, akauliza nyie hasa mnasema Isa ni nani, maana vijana wenu huwa wanapita wanapiga kelele tu hawakai. Mwalimu akamwambia, kwa lugha ya kawaida, dakika kama kumi hivi. Mzee akasikiliza, akasema nimekusikia, karibuni tena. Hakuna aliyeongozwa sala ya toba wala nini. Tukarudi na daladala na wale waliokataa kahawa wakawa wanabishana njia nzima kama ziara ile ilizaa "tunda", yaani mtu wa kumhesabia Injili, au haikuzaa. Kuna fomu ya ripoti, ina sehemu moja tu, idadi ya waliookoka. Kikundi chetu tumeandika sifuri. Kikundi kingine kilichopiga kelele stendi kimeandika 14 na kikapigiwa makofi.

Kwa hiyo maksi zangu. Mwalimu tano kati ya tano, huyo hata akifundisha chini ya mwembe ntaenda. Kitabu mbili, na moja ni ya karatasi nzuri. Mpangilio wa chakula moja. Vitendo nne, ya tano imezama Kibirizi. Fomu ya ripoti waichane.

Kwa mnaokwenda Kasulu, nasikia ni baada ya mavuno watu wakishapumzika mashamba, muulize kwanza kama mwalimu ni huyu huyu maana wana walimu wengine na sitaki mje mnilaumu. Bebeni Biblia zenu, hicho kitabu msikitegemee. Malazi hawatoi, utafute ndugu. Na kama unawajua waandaaji wa huko waambie wapishi wawekwe kwa zamu ili nao waingie darasani, na foleni ya chakula iwe moja, mchungaji asimame nyuma ya bodaboda. Nimeshawapigia mimi, wamesema wanalifanyia kazi, wapigieni na nyie.