Miaka miwili na The Submission Grinder: nilivyopata pa kupeleka hadithi, mashairi na insha zangu

Kwa muda mrefu nilitafuta majarida kwa njia wanayoanza nayo wengi. Naandika maneno mawili matatu kwenye Google, nafungua kurasa kumi na kitu, kisha nagundua nusu yake zimeshafunga dirisha la kupokea kazi na nyingine hazijatoa toleo siku nyingi. Jioni nzima inakwisha na hadithi bado iko kwangu.

Utafutaji huo huo ndio ulionifikisha kwenye shindano moja la mashairi. Nikalipa ada, nikatuma shairi, na baada ya wiki chache ikaja barua ya pongezi: nimechaguliwa kuingia kwenye diwani. Niliisoma kwa furaha mpaka aya ya tatu, iliyonitaka nikinunue kitabu hicho mimi mwenyewe, kwa bei kubwa. Nilipowauliza wenzangu watatu waliotuma, wote walikuwa "wamechaguliwa". Iliniuma sana, kwa sababu shairi lile nililihangaikia miezi, na sasa lilikuwa limeshachapishwa. Majarida mengi hayapokei kazi iliyokwisha kutoka mahali pengine, hata kama ni kwenye ukurasa wako mwenyewe wa mtandao.

Mwandishi mwenzangu ndiye aliyenionyesha The Submission Grinder. Ni hifadhidata ya majarida na mikusanyo inayotafuta kazi, na kuitumia ni bure. Ilianzishwa mwaka 2013 na David Steffen, baada ya Duotrope, hifadhidata nyingine ya aina hiyo iliyokuwapo tangu 2005, kuanza kutoza ada ya uanachama. Unajaza aina ya kazi, urefu wake kwa maneno na malipo unayotaka, nayo inakuletea walio wazi wakati huo.

Hadithi yangu ya kwanza kuipitisha humo ilikuwa na maneno 4,300. Nilikuwa nimeshaituma, bila kujua, kwa majarida mawili yasiyopokea zaidi ya 3,000. Wahariri hawakuwa na sababu ya kuisoma. Safari hii niliandika urefu ule kwenye kisanduku, nikaondoa wanaotoza ada, nikabaki na orodha ninayoweza kuisoma yote kwa utulivu.

Lakini kilichonifanya nibaki nayo ni kumbukumbu za kusubiri. Kila mwandishi anayetaka huandika siku aliyotuma na siku aliyojibiwa, na taarifa hizo hukusanywa kwenye ukurasa wa jarida husika. Kuna mchoro wa mihimili: chini zimepangwa siku, na urefu wa mhimili unaonyesha wangapi walijibiwa wakati huo. Jarida moja lilikuwa na mihimili mirefu siku za mwanzo, kisha uwazi, kisha mihimili mifupi mbele sana. Nilipoutazama nikaelewa: kazi nyingi hurudishwa na msomaji wa kwanza, na chache zinazovuka hapo huenda mezani kwa wahariri na kukaa. Zamani nikipita mwezi bila jibu nilikuwa naandika barua ya kuulizia. Sasa najua mwezi wa pili kwenye jarida lile ni ishara njema, na kuulizia mapema ni kumsumbua mtu anayenisoma.

Tahadhari moja: takwimu hizo zinatoka kwa waandishi wanaojitolea kuziandika tu. Jarida lenye taarifa sita halikuambii mengi. Na kabla ya kutuma, nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe usome masharti yote, hasa kama wanaruhusu kazi moja itumwe kwa majarida kadhaa kwa wakati mmoja, na haki wanazochukua wakikubali. Mimi sitii saini mkataba unaochukua haki zote milele.

Kwa insha nilijaribu Duotrope, dola 5 kwa mwezi au 50 kwa mwaka. Nilijiunga mwezi mmoja na sijutii. Ina sehemu pana ya maandishi yasiyo ya kubuni, pamoja na mahojiano mafupi na wahariri wanaoeleza wanachopenda. Ukiandika hadithi peke yake, Grinder inatosha. Mwenye insha nyingi, lipia mwezi mmoja, fanya utafiti wako, kisha uamue.

Utakutana pia na Submittable, ambayo majarida mengi huitumia kupokelea kazi. Hali ya kazi yako ikibadilika kutoka "imepokewa" kwenda "inashughulikiwa", usihesabu siku: huenda ni mtu ameipangia msomaji tu.

Sasa neno kwa anayeandika kwa Kiswahili, maana hapa ndipo ninapoumia. Karibu kila jarida katika hifadhidata hizi linataka Kiingereza. Mimi hutafsiri baadhi ya hadithi zangu mwenyewe, lakini si kila hadithi inakubali kuhama. Kwa zinazokataa, nategemea zaidi tuzo. Commonwealth Short Story Prize hupokea hadithi za Kiswahili kutoka kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola: maneno 2,000 hadi 5,000, ziwe hazijachapishwa, na hakuna ada. Kwa mswada mzima wa riwaya, hadithi au diwani kuna Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Shairi moja moja la Kiswahili ndilo lenye milango michache zaidi, na ningefurahi mno kuona majarida ya lugha yetu yakijisajili humu, ili mshairi wetu naye aweze kuchuja, kulinganisha na kusubiri akijua anasubiri nini.

Hadithi ile ya maneno 4,300 imekataliwa mara nne. Barua ya nne ilikuwa na sentensi mbili zilizoandikwa na mhariri kwa ajili yangu, akitaja mhusika kwa jina. Niliirekebisha palepale alipogusa, nikaituma kwa jarida la tano. Leo ni siku ya 38, na kwenye mchoro wao mihimili mirefu inaanza siku ya 50.