Netiweki hamna, faini ya kuvunja mkataba ipo

Siitaji kampuni kwa jina ila wa Sahare hapa Tanga mtanielewa. Nilichukua ruta yao ya mkataba wa mwaka, wiki ya kwanza safi, baada ya hapo netiweki inashika ukiwa umesimama juu ya stuli dirishani jikoni, ukishuka tu imekata. Huduma kwa wateja nimepiga mpaka mziki wao nimeukariri. Narudisha ruta, dada wa kaunta ananiambia "kaka kuvunja mkataba ni elfu 80". Nani kavunja sasa? Nikamwonesha skrinishoti na meseji zangu zote zina tarehe, nikaomba namba ya lalamiko niende nayo TCRA (wale wanaosimamia kampuni za mawasiliano), ghafla meneja kapatikana (asubuhi yote yuko "kikaoni"). Faini wakafuta. Hela ya kifurushi cha mwezi huo mpaka leo kimya. Nyota moja, nayo ya mlinzi aliyenipa kiti.