LibreOffice kwenye stesheneri yangu Mwanjelwa: 2013 hadi leo

Nina stesheneri ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nachapa barua, naprinti ripoti za wanafunzi, natengeneza madaftari ya vikundi, na tangu 2013 karibu kazi zote hizo nazifanya kwa LibreOffice, programu ya kompyuta ya kuandikia nyaraka na kutengeneza majedwali ya hesabu. Nilianza na toleo la 4.0. Leseni ya kununua sikuiweza, na programu ya kuchakachua niliiogopa kwa sababu ya virusi kwenye flashi za wateja. Hii ni ya bure, na ni halali.

Wengi huisifia au kuiponda baada ya kuitumia wiki moja. Mimi nataka kueleza jinsi ilivyo ukiishi nayo miaka.

Agosti iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Kyela, aliyewahi kuwa katibu wa ushirika wa kakao. Flashi yake ameifunga kwa uzi kwenye funguo za nyumba. Nikamwamkia, akaitikia: "Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, lile daftari la wanachama lipo bado?" Lilikuwepo. Nilimtengenezea mwenyewe mwaka 2014. Nikalifungua kwa toleo la 25.2: safu ya kilo, safu ya malipo, rangi ya njano niliyowawekea wanaodaiwa, vyote mahali pake. Nikabadilisha kilo za mwanachama mmoja, na jumla kule chini ikabadilika hapohapo. Mzee aliinama karibu na kioo, akapitisha kidole kwenye majina, mengine ya watu waliokwisha kufariki. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaomba nimprintie kurasa zote.

Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mafaili ya LibreOffice yanahifadhiwa kwa mfumo wa ODF, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuandika programu ya kuyasoma. Hata programu yenyewe imepona kwa uwazi huohuo. Kabla yake kulikuwa na OpenOffice.org, iliyokuwa chini ya kampuni ya Sun. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice.org walijitenga, wakaondoka na msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu), uliokuwa wazi kwa wote, na Septemba mwaka huohuo wakaanzisha LibreOffice. Na tusisahau kwamba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Naliheshimu sana jambo hilo.

Mabadiliko mengine yalinichosha kidogo. Toleo la 6.2 la 2019 lilikuja na menyu za vichupo. Binti anayenisaidia alizipenda siku ileile, mimi nimebaki na za zamani, na programu inaturuhusu wote wawili. Kisha 2024 namba zikaruka kutoka 7.6 hadi 24.2. Nilidhani nimepakua kitu kingine! Kumbe sasa wanahesabu kwa mwaka na mwezi.

Mafaili ya docx, yaani yale ya Microsoft Word, yanahitaji uangalifu. Kuna mwaka nilikaa muda mrefu bila kusasisha, nikibana bando. Akaja mwanafunzi na ripoti yake saa kumi jioni, kesho yake asubuhi anaikabidhi. Jedwali la sura ya nne likagawanyika, nusu huku nusu kule, na namba za kurasa hazikulingana tena na yaliyomo. Tulikaa naye hadi saa mbili usiku tukirekebisha mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa langu: usomaji wa docx huboreshwa toleo hadi toleo, nami nilikuwa nyuma kwa miaka. Siku hizi nasasisha, na mwanafunzi yeyote namwomba aje na PDF pia.

Mwenye kompyuta ya zamani ajue hili: toleo la 25.8 haliingii kwenye Windows 7 wala 8. Siwalaumu, maana Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020. Ila kwa sisi wenye mashine za mtumba inauma. Nimehifadhi faili la kusakinishia 25.2 kwenye diski ya nje, na ile mashine ya Windows 7 bado ipo kaunta ya pili, siitumii tena kwenye intaneti, inachapa kadi za mialiko na barua za vikundi.